Hafukeki ndani ya droo ya pesa

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mbona nakula na sina njaa? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe ameandika bila kujificha, na kwa sababu nyingine ambayo mtaiona mbele.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mstaafu wa kazi ya lishe katika hospitali ya umma. Nilizaliwa Bungoma, nikazeekea Nakuru, na wasomaji walinibatiza Senje bila kuniuliza. Sikukataa. Kwetu senje ni dadake baba, na ana ruhusa ya kusema yale ambayo mama anayaonea haya.

SWALI: Senje, habari ya Nakuru. Kwetu ningekuita Waya, lakini wacha nifuate wengine. Nina miaka 29 na nafanya kazi kwenye duka la M-Pesa hapa Kondele, Kisumu. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili na nusu usiku. Niko peke yangu, hata chooni naenda mbio nikimwachia funguo dada wa duka la simu. Saa kumi na mbili asubuhi nakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na mandazi moja. Mchana sili, kwanza hakuna wa kunishikia duka, pili nilikuwa nataka kupunguza mwili.

Mwezi wa tatu alikuja mtu amevaa vizuri, akawa ananiongelesha huku meseji zinaingia kwenye simu ya kazi. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimetuma shilingi 14,000. Mwenye duka hakupiga kelele. Alisema tu atakuwa anakata 2,000 kila mwezi mpaka ziishe. Tangu hapo ndipo mambo haya yalianza.

Ndani ya droo ya pesa, nyuma ya kitabu cha kusaini wateja, naweka hafukeki, zile keki ngumu za shilingi kumi. Saa kumi jioni naanza kumega, na nikimega moja zinaisha zote nne. Nikifunga duka napitia kwa mama wa chapati, nanunua tatu, na nikifika Manyatta zimeisha, nimezila nikitembea. Nyumbani namchukua mtoto kwa jirani, napika omena na ugali, tunakula, analala. Mume wangu ni mlinzi Mombasa, hurudi Desemba.

Halafu saa tano usiku, ploti nzima imenyamaza, naamka naenda kwenye sufuria. Nakula ugali wa baridi nimesimama, taa imezimwa. Siku nyingine huwa nashtuka nikisikia kijiko kikikwaruza ukoko, ndipo najua nimemaliza. Sijasikia hata ladha. Nikirudi kitandani tumbo linauma na moyo unauma zaidi. Naapa kesho sitagusa kitu. Kesho ni yale yale. Nimeongeza kilo tisa, na Jumapili iliyopita mama mmoja kanisani aliniuliza nina miezi mingapi. Senje, huu ni ulafi ama ni ugonjwa? Ama nimerogwa? — Wa Kondele

JIBU: Binti yangu, hujarogwa. Aliyekuroga alikuwa amevaa vizuri na akaondoka na 14,000.

Kuhusu ulafi, nina ugomvi mdogo na lugha yetu. Mtu akila kupita kiasi tunamwita mlafi, mroho, mwenye uchu, tumbo kubwa. Maneno yote hayo ni ya kumshtaki. Kwa yule anayekula kwa sababu ana kitu kinamuuma, hatuna neno, ila vijana siku hizi wanasema "nakula stresi zangu", na kwa mara moja nawapa alama vijana. Basi tutumie hilo: unakula stresi. Lakini si wakati wote. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu, nikihesabu saa. Kutoka strungi ya saa kumi na mbili asubuhi hadi chapati za saa mbili na nusu usiku ni saa kumi na nne na nusu, na katikati yake kuna hafukeki nne tu. Hapo mimi sioni stresi. Naona mtu ambaye hajala. Chapati tatu barabarani ni chakula cha mchana kilichochelewa, kikaja kwa hasira. Wewe umeziweka chapati hizo na ugali wa saa tano kwenye gunia moja, ukaandika juu yake "ulafi wangu". Zitoe. Ni vitu viwili, na dawa zake ni mbili.

Tuanze na ile njaa halisi. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1944 na 1945, mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aitwaye Ancel Keys, alichukua vijana wa kiume 36. Walikuwa wamekataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri, wakajitolea kwa utafiti huu ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokuwa wakifa njaa kule Ulaya. Walichaguliwa kwa uzima wao wa mwili na wa akili. Kwa wiki 24 chakula chao kilipunguzwa karibu nusu. Basi hao vijana wazima wakaanza kuota chakula, kulamba sahani na kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi tumbo likakataa, na bado wakasema wana njaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mlafi alipoingia mle. Mwili ukinyimwa huweka deni, na huja kulidai wakati ambao wewe umechoka, si wakati ambao una nguvu za kubishana nao.

Kwa hivyo kile kiapo chako cha "kesho sitagusa kitu" ndicho kinachopika sufuria la kesho usiku. Kila ukijiadhibu mchana unajiandalia usiku. Nakuomba ukiache. Hata ukiwa umekula ukoko wote saa tano usiku, asubuhi kunywa chai yako, na mchana ule.

Utasema: Senje, nani atanishikia duka? Basi chakula kije kwako. Usiku ukipika, pakua kwanza cha kesho kabla hujawapakulia watu. Nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, hukaa vizuri kwenye kopo. Ndengu na chapati moja pia. Au mayai mawili ya kuchemsha na ndizi. Saa saba, wateja wakipungua, fungua kopo lako hapo hapo nyuma ya kaunta ule polepole. Mteja akikukuta unatafuna atangoja, au atasema karibu. Watu wa Kondele ninaowajua mimi wangekaa wasaidie kumaliza.

Hafukeki sikukatazi. Naomba tu itoke kwenye droo ya pesa. Kitu kinachokaa gizani nyuma ya kitabu hugeuka kuwa siri, na siri huliwa haraka. Nunua moja, iweke juu ya kaunta kwenye karatasi, uile na chai saa kumi. Ukitaka ya pili, mwenye kibanda hajahama.

Nikikisia, mambo haya peke yake yatakuondolea nusu ya mzigo. Nusu iliyobaki ni ile ya saa tano, na hiyo ndiyo stresi yenyewe.

Njaa ya tumbo huja taratibu, hukubali kungoja, na ukishiba inakaa kimya. Hii nyingine huja ghafla, na kushiba haikujui. Vitabu vingi husema pia kwamba inachagua, inataka tamu au mafuta, haitaki sukuma. Wewe umevisuta vitabu: unakula ugali wa baridi usio na mboga, nao huusikii ladha. Kwa hiyo hukuifuata ladha pale jikoni. Ulifuata nini? Umeandika kwamba unaamka ploti nzima ikiwa imenyamaza. Mchana una wateja, una meseji, una dada wa duka la simu. Jioni una mtoto. Saa tano ndiyo saa ya kwanza katika siku nzima ambayo hakuna anayekutaka, na zile 14,000 zinapata nafasi ya kukaa nawe. Unakula ili usibaki nazo.

Na ukweli ambao washauri wengi hawausemi ni kwamba chakula kinasaidia. Mtu akikaa na hofu muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humimina homoni iitwayo kotisoli, na moja ya kazi zake ni kukuza hamu ya kula. Ukila, hasa wanga na sukari, mwili hutulia kidogo. Shida ni kwamba utulivu huo ni wa dakika chache, halafu unakuja na bili: kiungulia, usingizi mbovu na aibu. Aibu nayo ni stresi. Basi unarudi pale pale.

Sasa ile sababu nyingine niliyowaahidi. Mimi mwenyewe nimekula gizani.

Mama yangu alifariki mwaka 2011. Tulimzika kule kwetu, na baada ya matanga nilirudi Nakuru na debe la njugu karanga alizokuwa amechambua kwa mikono yake ziwe mbegu za msimu uliofuata. Nia yangu ilikuwa kuzipeleka kwa ndugu yangu azipande. Usiku wa kwanza nilikaanga konzi moja tu, za kuonja. Usiku wa pili kikombe. Kumbuka wakati huo kazi yangu ilikuwa kukaa na wagonjwa wa sukari kutoka saa mbili asubuhi, nikiwachorea sahani: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Jioni nilifunga mlango wa jikoni nikazikaanga mbegu za mama yangu hadi debe likaisha. Sikumwambia mtu. Ndugu yangu aliponipigia kuuliza mbegu, nilimwambia zilipata fukusi.

Debe lilipoisha nikahamia kwenye hafukeki, kwa hivyo wewe na mimi tunajuana.

Kilichonisaidia kilikuwa kalenda ya ukutani, ile inayogawiwa bure mwisho wa mwaka. Niliamua sitajizuia kitu kwa wiki mbili, nitaandika tu. Kila nilipokula bila njaa niliandika kwenye kisanduku cha siku hiyo saa, na neno moja la kilichotokea kabla. Maneno yenyewe yalikuwa ya ovyo: "kikao", "mvua", "hakuna kitu". Wiki ya pili ilipokwisha nilisimama mbele ya kalenda na kuona kitu ambacho kichwa changu hakikuwa kimekiona. Siku zilikuwa zimetawanyika, ila Jumapili hazikukosa hata moja, na saa ilikuwa ile ile: saa mbili usiku. Ndiyo saa niliyokuwa nikimpigia mama simu. Kila Jumapili kwa miaka mingi, baada ya taarifa ya habari, nilimpigia ananiambia ng'ombe gani amezaa na nani amegombana na nani kanisani.

Nilikaa pale jikoni nikalia vizuri, jambo ambalo sikulifanya matanga nzima kwa sababu nilikuwa nahesabu sahani za wageni. Jumapili iliyofuata, saa mbili, nikampigia mama mdogo aliyeolewa Webuye. Alishtuka, akadhani kuna msiba mwingine. Sasa ni desturi yetu. Habari zake za ng'ombe si nzuri kama za mama, kwa maana ana ng'ombe mmoja tu na ni tasa, lakini anazisema. Njugu sikuziacha. Nazila kwenye kibakuli, nimekaa, na sizifichi.

Kwa hiyo, Wa Kondele, tafuta kalenda au nyuma ya kile kitabu cha wateja kilichojaa. Wiki mbili. Saa, na neno moja. Usijipime uzito wiki hizo. Nashuku utaona mstari unaopita mwisho wa mwezi, karibu na siku ya kukatwa 2,000, lakini usinisikize mimi, soma kalenda yako.

Na hadi hapo, usiku ukiamka kwenda kwenye sufuria, nenda, ila washa taa. Najua unafikiria tokeni za umeme. Balbu ya wati 9 ikiwaka nusu saa haifikishi hata senti hamsini. Washa, pakua kwenye sahani, kaa kwenye kigoda, ule. Nakuomba hivyo kwa sababu anayekula amesimama gizani huwa hajui kama ameanza, basi atajuaje kwamba amemaliza? Utashangaa ni usiku mwingi kiasi gani utawasha taa, uitazame ile sahani, ukagundua kwamba ulichotaka ni kuongea na mtu. Mlinzi wa usiku yuko macho saa tano. Mpigie. Hiyo ndiyo faida ya kuolewa na mlinzi, na naona hujaitumia. Hukuniandikia kama anajua habari ya 14,000. Nahisi hajui.

Hata hivyo, ningekudanganya kama ningekufundisha kuwasha taa na kuandika kalenda huku nikiacha lile deni likae. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa, pale upungufu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wake. Kutapeliwa na mtu aliyejizoeza kutapeli si lazima kuwe uzembe. Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Je, una mkataba ulioandikwa? Uliripoti polisi ukapewa namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio? Beba maswali hayo ofisi ya leba, ile ya mambo ya kazi, hapo Kisumu siku moja ya mapumziko. Huenda usirudishiwe hata shilingi, lakini utakuwa umeiweka habari hiyo mbele ya mtu mwingine, na wakati wote huu umekuwa ukiibeba peke yako kwenye sufuria.

Umeniuliza kama ni ugonjwa. Upo ugonjwa unaofanana na haya, na tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameutambua kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wao, kwa Kiingereza "binge eating disorder": mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi akihisi hawezi kujizuia, hula haraka, hula peke yake kwa aibu, hujichukia baadaye, na hayo hutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Baadhi ya hayo nayaona kwenye barua yako. Ukianza kula mchana, ukakaa wiki nne, na usiku bado unakushinda, nenda kliniki ya afya ya akili hospitalini useme maneno haya haya uliyoniandikia mimi. Usiseme "tumbo linauma". Ukiona unajitapisha, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje wiki nne. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure na kuna watu wa kukusikiliza. Na kwa kuwa umeongeza kilo tisa kwa muda mfupi, pimwa sukari na presha, si kwa kuogopa, ila kwa kujua.

Yule mama wa kanisani mjibu kwamba una miezi 348. Ndiyo miaka yako 29.

SWALI: Senje, nasoma chuo Kakamega, mwaka wa tatu. Wiki ya mitihani silali, na kila baada ya saa moja najikuta getini kwa jamaa wa smoki, zile soseji, na mayai, kachumbari juu. Mitihani ikiisha hamu inaisha. Ni kawaida? — Kachumbari

JIBU: Kawaida kabisa, na nusu yake umeijibu: hulali. Mtu akikosa usingizi, ghrelini, homoni inayoita njaa, hupanda, na leptini, inayotoa habari kwamba umeshiba, hushuka. Hapo hata mtawa angeenda kwa jamaa wa smoki.

Nusu nyingine ni kwamba wewe unatafuta sababu halali ya kuinuka mezani. Jaribu kwenda hadi getini uongee na huyo jamaa, urudi bila kununua, safari moja kati ya tatu. Ukirudi na kichwa kimefunguka, ujue ulikuwa unataka matembezi. Ukirudi tumbo likinguruma, basi ni njaa, nunua mayai mawili. Na ikifika saa sita usiku, lala. Ukurasa unaousoma saa tisa usiku ukisinzia, asubuhi hauko.

SWALI: Kuna majani ya chai ya kusafisha tumbo, wiki mbili ni shilingi 1,500. Aliyeniuzia anasema yanakata pia hamu ya kula. Ninywe? — Bi. Mwanzo Mpya, Busia

JIBU: Usinywe. Mengi ya majani hayo yana sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Mafuta yako yanabaki yamekaa yanakutazama. Mizani itashuka Jumatatu na kupanda Alhamisi. Ukiendelea nayo muda mrefu unapoteza potasiamu, na moyo unaihitaji hiyo ili upige sawasawa. Hamu ya kula inakatika, ndiyo, kwa sababu mtu anayekimbilia choo hana nafasi ya kula.

SWALI: Senje, mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Free Area, Nakuru. Mke wangu alijifungua miezi mitano iliyopita na tangu hapo anakula bila kipimo, hasa usiku: mkate, maziwa, hata biskuti za mtoto mkubwa. Nilimwambia kwa mzaha atakuwa kama tangi la maji, nikidhani atajirekebisha. Hakujirekebisha. Sasa nimeweka kufuli kwenye kabati la jikoni na ufunguo natembea nao. Badala ya kunishukuru amenuna, na juzi nimepata mkate chini ya nguo za mtoto. Nimsaidieje? — Mwenye Nia Njema

JIBU: Mwenye Nia Njema, kwa bahati mbaya kwako sisi tuko mji mmoja, kwa hivyo nitaandika kama mtu anayeweza kukutana nawe stejini.

Hukuniambia kama ananyonyesha. Kama ananyonyesha, mwili wake unahitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku, yaani chapati kubwa moja, kikombe cha maziwa na ndizi juu ya chakula chake cha kawaida. Na mtoto wa miezi mitano hunyonya usiku. Wewe unamwona mke anakula mkate saa nane za usiku. Mimi namwona mtu anayepika chakula cha mtoto kwa mwili wake, na kuni zimefungiwa kabatini.

Tuseme si hivyo tu. Tuseme kuna na huzuni ndani yake. Kuna wanawake ambao baada ya kujifungua huzama: analia bila sababu ya kueleweka, halali hata mtoto akilala, hafurahii alichokuwa akikifurahia, anahisi yeye ni mama mbaya. Wengine huacha kula, wengine hula mno. Je, umewahi kumuuliza, au umemhesabia vipande vya mkate tu? Mwezi ujao mtoto anafikisha miezi sita na atapelekwa kliniki kupewa vitamini A. Siku hiyo nenda nao. Beba mtoto wewe, ili mama apate nafasi ya kukaa na nesi peke yake dakika kumi. Na ukisikia akisema neno lolote la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Neno la tangi la maji uliliita mzaha. Mimi nimekaa na wanawake wengi kwenye kile chumba cha lishe, na kila mmoja alikumbuka sentensi ya aina hiyo neno kwa neno, pamoja na siku iliyosemwa na nguo aliyokuwa amevaa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ilimpunguza. Nawakumbuka wengi walioniambia kwamba siku hiyo ndiyo walianza kula kwa kujificha. Mkate ulio chini ya nguo za mtoto umeuweka wewe. Yeye alikopesha nguo tu.

Kama wewe ni mtu wa kwetu, kuku akichinjwa imondo, yaani firigisi, inaletwa kwako kwenye sahani, na hakuna aliyewahi kukuuliza ni ya ngapi mwaka huu. Fanya hivi. Leo ukitoka kazini nunua mkate, maziwa na parachichi. Ukifika, toa kufuli mwenyewe mbele yake, usimtume mtoto. Mwombe msamaha kwa lile neno, ulitaje lenyewe, usiseme "kama nilikukosea". Halafu usiku mtoto akilia, inuka wewe kwanza, umbadilishe nepi, umlete kwa mamake pamoja na kikombe cha uji. Fanya hivyo wiki moja kisha uniandikie tena, na safari hii uniambie analala saa ngapi, si anakula nini.

Kufuli usilitupe. Geti lenu nina hakika linalihitaji.